Kutoka Forodhani hadi Raha Leo: siku nne kwenye majumba ya dola ya Zanzibar

Mtu akitaka kuona dola ya Zanzibar ilikozaliwa hupelekwa Forodhani, akasimamishwa mbele ya Beit al-Ajaib, yaani Jumba la Maajabu, akapiga picha, akarudi zake. Jumba lile linastahili heshima hiyo. Lakini Mapinduzi ya 1964 hayakuanzia pale wala hayakutangazwa pale. Yalitoka Ng'ambo, upande wa pili wa mkono wa bahari uliokuwa ukiutenga mji wa mawe na mji wa udongo, na makao yake ya mwanzo yakawa Raha Leo. Ndiyo maana safari hii inafuata njia waliyopita wenye madaraka: kwanza jumba la sherehe la Sultani, kisha ofisi za Mwingereza huko Vuga, kisha Ng'ambo, na mwisho Chukwani, kwenye Baraza la Wawakilishi. Siku tatu za mwanzo ni za kutembea kwa miguu tu. Ya nne inahitaji gari.

Matayarisho si mengi. Vaa nguo inayositiri mabega na magoti, viatu vya soli bapa kwa ajili ya vichochoro vya mawe, kofia, na chukua maji lita moja na nusu kila siku. Ukija Ramadhani, beba subira, maana mikahawa mingi hufungwa mchana. Wengi huikimbia masika, Machi hadi Mei, lakini anayetaka kuyaelewa majumba haya hasa, mvua ni mwalimu wake: paa linalovuja hujitangaza lenyewe.

Siku ya kwanza: Forodhani na Beit al-Ajaib

Fika mapema, saa 1 asubuhi. Uso wa jumba unatazama bahari upande wa kaskazini-magharibi, kwa hiyo asubuhi uko kivulini na jicho linaona kila ufa bila kuumizwa na mwanga. Jua la alasiri ndilo la picha. Simama ndani ya Bustani ya Forodhani, mgongo baharini. Kulia kwako ni Ngome Kongwe, iliyojengwa na Waomani baada ya Wareno kuondolewa mwishoni mwa karne ya 17, pahala palipokuwa na kanisa la Wareno. Kushoto, ukipita nafasi iliyo wazi, ni Beit al-Sahel, jumba la makaazi ya masultani. Katikati ni Beit al-Ajaib. Ile nafasi iliyo wazi usiipuuze, kesho tutairudia.

Jumba lilikamilika 1883, enzi ya Seyyid Barghash bin Said, aliyetawala 1870 hadi 1888. Mwaka 1859 alijaribu kumpindua ndugu yake Majid, akashindwa, akapelekwa uhamishoni Bombay. Alirudi akiwa ameuona mji wenye majengo makubwa ya serikali na kazi za umma, na alipokalia kiti alianza kujenga: mabomba ya maji safi kutoka Chemchem hadi mjini, jumba la Marahubi, jumba la Chukwani, na hili. Hili hakulijenga kwa ajili ya kulala. Lilikuwa la kupokea wageni na kufanya sherehe, jumba la kumwonyesha balozi wa Kiingereza na wa Kijerumani kwamba hapa pana dola. Likawa jengo la kwanza Zanzibar kuwa na umeme, na la kwanza Afrika Mashariki kuwa na lifti. Watu walilipa jina kwa yale waliyoyaona ndani.

Sasa tazama limejengwaje, maana hapo ndipo penye siri ya uzuri wake na ya msiba wake.

Nyumba ya kawaida ya Mji Mkongwe ni ukuta wa mawe ya matumbawe ulioungwa kwa chokaa, mchanga na udongo mwekundu, unene wa sentimita 50 hadi 60. Juu yake hulazwa boriti za mikoko, zimepangwa karibu karibu, kisha mawe madogo na chokaa, kisha sakafu. Mkoko hautoi boriti nzuri ya kubeba sakafu kwa urefu unaozidi sana mita 3. Kwa hiyo vyumba vya mji huu ni virefu na vyembamba, na anayeshangaa sebule ndefu kama ukumbi lakini isiyo na upana amejibiwa: mti ndio uliopima chumba.

Beit al-Ajaib ilivunja kipimo hicho. Ina ua mkubwa wa ndani, dari za juu sana, na roshani pana zinazolizunguka jengo katika kila ghorofa, zikishikwa na nguzo nyembamba za chuma cha kusubu. Sakafu zake zimebebwa na maboriti ya chuma, na juu yake kumemwagwa zege. Ndiyo maana kumbi zake zilikuwa pana kuliko chochote kilichokuwa hapa. Kuta bado ni za matumbawe na chokaa. Kwa hiyo jengo moja lina tabia mbili: ukuta unaopumua, unaonyonya unyevu na kuutoa, na chuma kisichopenda unyevu hata kidogo.

Madhara huenda hivi. Maji ya mvua huingia juu, kwenye paa lililopasuka au mfereji ulioziba majani. Hayaonekani kwa sababu ukuta huyanywa. Hushuka mpaka kwenye kichwa cha boriti la chuma, pale linapoingia ukutani, pahala ambapo hapana jicho wala brashi ya rangi inayofika. Upepo wa bahari umekwisha kuleta chumvi, na chumvi huharakisha kutu. Kutu huvimba, huchukua nafasi kubwa mara kadhaa kuliko chuma kilichoizaa, na huanza kulisukuma zege na mawe yaliyo kando yake. Kwanza unaona ufa mwembamba unaofuata mstari wa boriti. Kisha madoa ya rangi ya kahawia. Kisha lipu inafura na kudondoka. Hapo mtu huja na saruji, akaziba ufa, akapaka rangi nyeupe, na mwaka huo jengo linapendeza. Saruji ni ngumu kuliko matumbawe na haipitishi unyevu. Maji yaliyokuwa yakitoka kwa nje sasa yanabaki ndani, na chuma kinaendelea kuliwa gizani. Katika makosa yote yanayofanyiwa majumba ya mwambao, hili ndilo kubwa, na hufanywa na watu wenye nia njema.

Dawa inajulikana na ni ya zamani. Chokaa huchomwa kwa matumbawe juu ya tanuu la magogo, huzimwa kwa maji, hulazwa shimoni ikiwa imefunikwa na maji kwa wiki kadhaa, na ikikaa miezi ni bora zaidi, mpaka iwe laini bila punje. Kwa kujengea huchanganywa sehemu moja ya chokaa na sehemu tatu za mchanga uliooshwa ukaondoka chumvi. Mchanga wa ufukweni usiooshwa vizuri utarudisha chumvi ukutani, na lipu itaanguka kabla ya masika ya pili. Lipu hupigwa kwa tabaka nyembamba, kila moja ikisubiriwa ikauke polepole chini ya magunia mabichi. Aliye na haraka hupata mipasuko ya nywele uso mzima. Kabla ya yote hayo, paa. Fundi anayeanza na ukuta wakati paa linavuja anafanya kazi ya bure.

Mwaka 2012 sehemu ya jumba ilianguka. Tarehe 25 Disemba 2020, kazi ya ukarabati ikiwa inaendelea, sehemu kubwa ya mbele iliporomoka pamoja na mnara wa saa, na watu wawili walipoteza maisha. Tangu hapo safari ya jengo hili ni ya kujengwa upya. Ulizia kwanza kama pameruhusiwa kuingia; pakiwa pamefungwa, ubavu wa Ngome Kongwe ndio mahali pazuri pa kuona nguzo na roshani zilivyopangwa. Usipite ndani ya uzio, hata ukiona mwanya.

Matumizi ya jumba nayo ni historia ya dola kwa ufupi. Kuanzia 1911 Waingereza walilifanya ofisi kuu ya serikali yao. Baada ya Mapinduzi liliendelea kuwa la ofisi, katika miaka ya 1970 likawekwa maonesho ya chama cha Afro-Shirazi, na baadaye likawa makumbusho ya taifa, ambapo kivutio kikubwa kilikuwa mtepe, chombo kilichoshonwa kwa kamba bila msumari, kikiwa kimesimama ndani ya ule ua. Mji Mkongwe wote uliingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2000, na ukiutazama kutoka baharini utaelewa kwa nini kuporomoka kwa jengo moja kuliuumiza mji mzima: ndilo lililokuwa likiushika uso wake.

Siku ya pili: Beit al-Sahel, dakika za 1896, na Vuga

Anza kwenye ile nafasi iliyo wazi baina ya majumba mawili. Hapo palikuwa na Beit al-Hukm, na majumba yote matatu yaliungwa kwa madaraja ya juu ili watu wa nyumba ya Sultani wapite bila kushuka njiani. Mbele, upande wa bahari, ulisimama mnara wenye taa na saa.

Tarehe 25 Agosti 1896 Sultani Hamad bin Thuwaini alifariki, na Khalid bin Barghash akaingia jumbani bila ridhaa ya Waingereza. Zanzibar ilikuwa chini ya himaya yao tangu 1890, na wao walimtaka Hamoud bin Mohammed. Walimpa Khalid muda hadi saa 3 asubuhi ya tarehe 27. Muda ulipopita, manowari zilianza kupiga. Mizinga ilinyamaza kabla ya saa 4. Katika muda huo mfupi upande wa jumbani watu wapatao 500 waliuawa au kujeruhiwa, meli ya Sultani iitwayo Glasgow ilizama mbele ya mji, Beit al-Hukm ikabomoka isijengwe tena, na mnara ukaharibika. Khalid alikimbilia ubalozi wa Kijerumani. Beit al-Ajaib ilibaki imesimama, na mwaka uliofuata saa ikahamishiwa kwenye mnara mpya uliobandikwa usoni mwake. Kwa hiyo ule mnara uliokuja kujulikana na kila mtu kwenye picha haukuwa wa Barghash. Ni matokeo ya vita, na uzito wake uliongezwa juu ya jengo ambalo halikuchorwa kuubeba. Anayesoma majengo hulitia hilo maanani.

Beit al-Sahel ya leo ilijengwa upya baada ya vita hivyo, ikawa makaazi ya masultani kwa sehemu kubwa ya karne ya 20 hadi Januari 1964, ikaitwa Jumba la Wananchi, na tangu 1994 ni makumbusho. Pakiwa wazi, lipe saa moja na nusu. Vyumba vinakwenda kwa mpangilio wa watawala: mikataba ya biashara ya Seyyid Said, chumba cha binti yake Salme aliyehamia Ujerumani, na vitanda na makabati ya masultani wa mwisho. Tazama samani kwa mpangilio wa miaka utaona nguvu inavyopungua: vitu vya enzi ya Said ni vya mfanyabiashara mkubwa wa bahari, vya mwisho ni vya mtu aliyelipwa posho. Kando ya jumba ni makaburi ya Seyyid Said, aliyefariki 1856, na ya wanawe, akiwemo Barghash. Ni makaburi. Shusha sauti.

Baada ya adhuhuri fuata njia ya Shangani hadi Vuga. Hapa ndipo madaraka halisi yalipohamia bila mizinga. Mwaka 1891 Waingereza waliunda serikali yenye Waziri wa Kwanza wa kwao, Lloyd Mathews, na Sultani akapangiwa fungu lake la fedha. Kisha wakaanza kujenga. Mchoraji mkuu alikuwa John Sinclair, ofisa wa serikali ambaye baadaye alikuja kuwa Balozi Mkaazi wa Kiingereza. Nyumba ya Balozi ni ya 1903, na leo ndiyo Ikulu. Usinyanyue kamera wala simu mbele yake, na usisimame kwenye lango. Mahakama Kuu ni ya 1908, yenye kuba na matao ya mtindo wa Kiarabu. Jumba la makumbusho la Beit al-Amani, lililojengwa kukumbuka mwisho wa Vita Kuu ya Kwanza, ni la 1925.

Matao haya yanawadanganya wengi. Yanaonekana ya kienyeji kuliko Beit al-Ajaib yenyewe, iliyojaa chuma cha Ulaya. Ndivyo ilivyokuwa: Sultani alijenga kwa vitu vya Mzungu kuonyesha ni mtu wa kisasa, na Mzungu akajenga kwa umbo la Mwarabu kuonyesha kwamba utawala wake ni muendelezo wa ule wa Sultani.

Karibu na hapo ni Victoria Hall, ndani ya bustani. Baraza la Kutunga Sheria lilipoundwa mwaka 1926 lilikuwa likikaa humo. Kwa miaka thelathini wajumbe waliteuliwa tu. Ni Julai 1957 ndipo viti 6 viliposhindaniwa kwa kura. Jengo ni dogo. Mpita njia hajui kwamba ubishi wa nani ni raia, nani apige kura na jimbo lichorwe vipi ulianzia ndani ya ukumbi ule.

Siku ya tatu: kuvuka Darajani

Hii ndiyo siku yenyewe, na ndiyo wageni wanayoiruka.

Anza Darajani saa 2 asubuhi, soko likiwa limeshachangamka. Jengo la soko ni la 1904. Barabara kubwa iliyo mbele yake, ambayo sasa inaitwa ya Benjamin Mkapa na wazee bado wanaijua kwa jina la Creek Road, imepita pembeni mwa mkono wa bahari uliofukiwa. Palikuwa na maji na daraja, ndipo pakaitwa Darajani, na aliyevuka alikuwa amekwenda ng'ambo. Upande wa mawe waliishi wenye majumba, wafanyabiashara na maofisa. Upande wa pili waliishi makuli wa bandarini, mafundi, wapagazi, watumwa waliopata uhuru wao, watu wa bara na watu wa shamba. Nyumba zilikuwa za udongo: boriti zimesimamishwa, fito zimefungwa kwa kamba kwa kulala, kokoto na udongo katikati, lipu ya chokaa kwa mwenye uwezo, makuti juu. Nyumba namna hiyo huhitaji makuti mapya kila baada ya miaka michache, na ikiachwa hurudi kuwa ardhi. Kwa hiyo usitarajie kuona Ng'ambo ya zamani kama unavyoona Mji Mkongwe. Utakayoiona ni mitaa, majina na barabara.

Ardhi yenyewe haikuwa ya waliojenga juu yake. Walilipa kodi ya kiwanja, na mwaka 1928 waligoma kulipa. Mwaka 1948 makuli wa bandari waligoma na mji ukasimama. Wakati Victoria Hall ikizungumza, siasa ilikuwa inafanyika huku. Chama cha Afro-Shirazi kiliundwa 5 Februari 1957, na katika uchaguzi wa Julai mwaka huo Abeid Amani Karume, aliyewahi kuwa baharia, alishinda kiti cha Ng'ambo dhidi ya kiongozi wa chama cha Hizbu (ZNP), Ali Muhsin Barwani.

Tembea sasa hadi Raha Leo, kama dakika ishirini kwa mwendo wa taratibu. Njiani ziweke kichwani hesabu za uchaguzi, kwani bila hizo huwezi kuelewa unachokwenda kukitazama. Uchaguzi wa Januari 1961 ulikuwa na viti 22, na kimoja, cha Chake Chake kule Pemba, Afro-Shirazi walikipata kwa kura moja. Viti vikagawika kiasi kwamba hapakuwa na wa kuunda serikali. Ukarudiwa Juni kwa viti 23, ukaja na fujo zilizoua watu 68. Ule wa Julai 1963 ulikuwa wa viti 31. Afro-Shirazi walipata asilimia 54 ya kura na viti 13. Hizbu walipata 12 na chama cha ZPPP, yaani chama cha watu wa Zanzibar na Pemba, 6, na wawili hao wakiungana ni 18. Wizi wa kura hauhitajiki kuyaeleza haya: kura za Afro-Shirazi zilirundikana kwenye majimbo machache waliyoshinda kwa wingi mno, na za wapinzani wao zilitawanyika vizuri zaidi, khasa Pemba. Mfumo wa jimbo moja mshindi mmoja huzaa matokeo hayo popote. Lakini kwa mtu wa Ng'ambo aliyehesabu vichwa, serikali ya wachache ndiyo iliyopewa uhuru. Tarehe 10 Disemba 1963 bendera ya Kiingereza ilishuka, Sultani Jamshid bin Abdulla akabaki kuwa mkuu wa nchi, na Mohammed Shamte wa ZPPP akawa Waziri Mkuu.

Serikali hiyo ilidumu mwezi mmoja na siku mbili. Moja katika hatua zake ilikuwa kuwaondoa kazini askari polisi wenye asili ya bara. Waliondoka wakijua ghala la silaha liko wapi, linalindwa na nani na zamu hubadilishwa saa ngapi. Usiku wa kuamkia 12 Januari 1964 makundi yenye mapanga, mikuki na pinde yaliingia kambi ya polisi ya Ziwani na ile ya Mtoni, kaskazini ya mji kwenye njia ya Bububu, na wakatoka na bunduki. Nchi haikuwa na jeshi. Polisi ndiyo ilikuwa nguvu yote, na ghala lao likishachukuliwa, hapakubaki kitu cha kukilinda kile kiti cha Forodhani. Jamshid alipanda meli yake, akazuiwa kushuka Mombasa, akaenda Dar es Salaam, na kutoka hapo Uingereza.

Raha Leo ni jengo la kistaarabu lisilojikweza, lililowekwa na Waingereza baada ya Vita Kuu ya Pili ili liwe kituo cha jamii kwa watu wa Ng'ambo. Kituo cha redio kilikuwa hapo. Hilo ndilo lililolifanya kuwa kitovu. Beit al-Ajaib ilikuwa na saa, roshani na heshima; Raha Leo ilikuwa na kipaza sauti. Asubuhi ile sauti ya John Okello, mtu aliyezaliwa Uganda ambaye wengi hawakuwahi kumsikia, ilitoka redioni ikitoa amri, na kwa yule aliyekuwa Makunduchi au Wete, redio ndiyo iliyomwambia kwamba serikali imebadilika. Baraza la Mapinduzi likaweka makao hapo hapo. Karume akawa Rais, Abdalla Kassim Hanga na Abdulrahman Babu wakaingia serikalini.

Siku zile haziwezi kusimuliwa kwa majengo peke yake. Maelfu ya watu waliuawa, wengi wao Waarabu, na wengine wengi waliondoka wasirudi. Ziko familia mjini na mashamba ambazo Januari kwao ni mwezi wa sherehe, na ziko ambazo ni mwezi wa hitima. Anayeongoza wageni na akataja moja bila jingine anawadanganya.

Kwa anayefika: simama upande wa pili wa barabara, utazame umbo lote. Ukitaka kuingia, omba ruhusa langoni na ueleze shida yako. Ni mahali pa kazi. Ziwani ni makao ya polisi mpaka leo, na hapapigwi picha kabisa.

Miezi mitatu baadaye, 22 Aprili 1964, Karume na Julius Nyerere walitia saini Hati za Muungano hapa Zanzibar, zikiwa na mambo 11 ya pamoja. Muungano ukaanza rasmi 26 Aprili, na kabla mwaka haujaisha jina likawa Tanzania. Aliyehesabu ataona kwamba baina ya Disemba 1963 na Aprili 1964 mtu aliyekaa nyumba ile ile ya Ng'ambo aliishi chini ya himaya, ufalme huru, jamhuri ya watu na jamhuri ya muungano.

Siku ya nne: Kisiwandui, Michenzani, Chukwani

Kisiwandui ni karibu na Darajani. Hapo ni makao ya chama na hapo amezikwa Karume, aliyepigwa risasi ndani ya makao hayo tarehe 7 Aprili 1972 akiwa anacheza bao. Dakika ishirini zinatosha.

Michenzani inataka muda zaidi, kwa sababu ndiyo jibu la Mapinduzi kwa Beit al-Ajaib. Majumba haya marefu ya ghorofa yalianza kujengwa mwishoni mwa miaka ya 1960 kwa msaada wa mafundi wa Ujerumani Mashariki, yakikata katikati ya Ng'ambo kwa umbo la msalaba. Nyumba za udongo zilibomolewa kuyapisha. Nia ilikuwa wazi: mtu wa Ng'ambo apate bomba, umeme, choo cha ndani na dirisha la kutazama mbali, vitu ambavyo vilikuwa vya upande ule mwingine. Hapa nako fundi anasoma. Kila mita 10 za kupandisha maji hula nguvu sawa na baa 1 ya mgandamizo, na bomba la mtaa lisilo na nguvu hiyo huziacha ghorofa za juu kavu. Ndiyo maana ndoo, matangi na pampu ni sehemu ya maisha ya humo. Zege lake lina nondo, na nondo karibu na bahari huugua ugonjwa ule ule wa maboriti ya Barghash. Pembeni pana mnara wa kumbukumbu ya miaka 50 ya Mapinduzi.

Kuna jambo moja linalounganisha Michenzani na nyufa tulizoziona siku ya kwanza. Baada ya 1964 majumba mengi ya Mji Mkongwe yalitaifishwa, na familia nyingi zikawekwa ndani ya nyumba moja, kila moja chumba chake, kwa kodi ndogo. Paa likawa la kila mtu, yaani halina mwenyewe. Fedha na saruji zilikwenda Ng'ambo, na kwa haki. Lakini maji hayakusubiri. Mamlaka ya Mji Mkongwe ilipoundwa mwaka 1985, boriti nyingi zilikuwa zimeshaoza vichwa.

Mchana panda gari ya Chukwani, kusini, upande wa uwanja wa ndege. Kuanzia 1964 sheria za Zanzibar zilitungwa na Baraza la Mapinduzi. Baraza la Wawakilishi lilikutana kwa mara ya kwanza Januari 1980, na makao yake ya sasa ni jengo hili kubwa la Chukwani, si mbali na magofu ya jumba jingine la Barghash. Katiba inayotumika ni ya 1984. Iliyoibadilisha zaidi ni ile kura ya maoni ya 31 Julai 2010, ambapo theluthi mbili ya waliopiga kura walikubali Serikali ya Umoja wa Kitaifa, kwamba chama kilichoshindwa nacho kiwemo serikalini. Ukiiweka kando ya hesabu za Julai 1963, asilimia 54 na viti 13, utaona kura hiyo ilikuwa inajibu swali la tangu lini.

Wananchi huruhusiwa kusikiliza kikao wakiwa kwenye sehemu ya wageni. Peleka ombi mapema kwa ofisi ya Baraza, njoo na kitambulisho, vaa nguo za heshima, na zima simu kabla ya kuingia. Kama hapana kikao siku hiyo, gari ya kurudi Darajani hupita barabarani pale pale.